Mchungaji Aliyemshitaki Mfalme

Leo nataka tumzungumzie Mmarekani mmoja mweusi aliyefariki akiwa na miaka 41 tu, na ambaye katika umri huo mfupi alikuwa askari, mchungaji wa Kibatisti, mhariri, mwanasheria, mbunge na mwanahistoria. Aliitwa George Washington Williams. Tarehe 18 Julai 1890, akiwa Stanley Falls, mji ambao leo ni Kisangani, aliandika barua ya wazi kwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Ndani ya barua ile wamo watu wa Kongo, na wamo pia watu wa kwetu pwani. Kwa sababu hiyo naona habari zake zinatuhusu sisi tunaosema Kiswahili, tena zinatuhusu kuliko tunavyodhani.

Williams alizaliwa mwaka 1849 Bedford, katika jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake walikuwa watu huru, lakini maisha yao yalikuwa ya kuhangaika, na shule aliionja kidogo sana. Alipofika miaka 14, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikiwa imepamba moto, alitoroka nyumbani, akadanganya umri na jina, akaingia jeshi la Kaskazini. Wakati ule askari weusi takriban 180,000 walivaa sare za jeshi hilo, na huyu alikuwa miongoni mwao, kijana asiye na ndevu, akipigana Virginia.

Vita ilipokwisha hakurudi kwao. Alivuka mpaka akaingia Mexico, akajiunga na wanajamhuri waliokuwa wakipigana kumng'oa Maximilian, yule mfalme aliyewekwa na Wafaransa. Mwaka 1867 akarudi Marekani, akaandikishwa tena, safari hii katika kikosi cha 10 cha wapanda farasi, kikosi cha askari weusi. Mwaka uliofuata risasi ikapenya pafu lake la kushoto, na jeshi likamwachisha kazi. Alikuwa bado hajatimiza miaka 20.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Kijana huyu aliwahi kuandika barua kwa Jenerali Oliver Howard kuomba nafasi katika chuo kikuu kinachobeba jina la jenerali huyo. Barua imejaa makosa ya tahajia, kiasi kwamba inaonekana wazi mwandishi wake anapambana na kila neno. Alikaa Howard muda mfupi tu. Mwaka 1870 akaingia chuo cha theolojia cha Wabatisti, Newton, karibu na Boston, na miaka minne baadaye akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu pale. Siku ya mahafali alisimama akatoa hotuba kuhusu Ukristo wa mwanzo katika Afrika. Aliyekuwa hawezi kuandika barua bila kukosea alikuwa sasa anahutubia maprofesa wake, na mada aliyoichagua ilikuwa bara ambalo hajapata kuliona.

Mwezi huohuo wa Juni 1874 aliwekewa mikono kuwa mchungaji, akaoa, kisha akapewa kanisa la Twelfth Baptist mjini Boston. Kanisa hilo lilikuwa na historia nzito. Mchungaji wake wa miaka mingi, Leonard Grimes, aliwapokea na kuwaficha watumwa waliotoroka Kusini, na watu wa mjini walizoea kuliita kanisa la watoro. Williams akakaa humo kama mwaka mmoja. Kabla hajaondoka aliandika historia ya kanisa lile katika kitabu cha kurasa 80 hivi, na naona hapo ndipo alipoijua kazi yake. Mahubiri aliyaweza, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kumbukumbu za watu ambao hakuna aliyejishughulisha kuwaandika.

Alianzisha gazeti Washington, likafa. Akahamia Cincinnati, akachunga kanisa jingine, akasomea sheria, akagombea, na mwaka 1879 akachaguliwa kuwa mbunge mweusi wa kwanza katika bunge la jimbo la Ohio. Siasa naomba niipite haraka, maana hata yeye aliipita haraka. Kazi iliyomla usiku na mchana ilikuwa kitabu chake kuhusu historia ya watu weusi katika Marekani, tangu 1619 hadi 1880, juzuu mbili, zaidi ya kurasa elfu moja, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mwenyewe alieleza kwamba alipekua vitabu zaidi ya 12,000. Baada ya hapo akaandika kingine kuhusu askari weusi wa vita ile aliyopigana yeye. Alichambua nyaraka za jeshi na magazeti ya wakati ule, na pia alifanya jambo ambalo wanahistoria wa zama zake hawakulizoea: aliwauliza wazee waliokuwapo. Aliwaona askari wa zamani, akasikiliza, akaandika. Shikeni hilo, maana ndilo alilokuja nalo Kongo.

Tuje basi kwa Leopold. Mfalme huyu alikuwa amejipatia nchi kubwa katikati ya Afrika, akaiita Dola Huru ya Kongo, nayo ilikuwa mali yake binafsi kuliko kuwa koloni la Ubelgiji. Marekani ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua bendera yake, Aprili 1884, kabla hata ya mkutano wa Berlin. Leopold alijitangaza kuwa mkombozi: anapiga vita biashara ya utumwa, anafungua njia, analeta Injili. Watu wengi wema walimwamini, Wabatisti wakiwemo. Na Williams naye alimwamini. Mwaka 1889 alikwenda Brussels, akamhoji mfalme ana kwa ana kwa ajili ya magazeti. Mfalme akamwambia kwamba kazi yake Kongo ni wajibu wa Kikristo kwa Mwafrika maskini, na kwamba hataki arudishiwe hata faranga moja ya fedha alizotumia. Williams akaandika kwa sifa nyingi. Akabuni na mpango: Wamarekani weusi wenye elimu na ufundi waende Kongo wakafanye kazi katika dola ile.

Akaenda chuo cha Hampton, Virginia, kutafuta vijana. Vijana wakaanza kuuliza. Hali ya hewa ikoje? Chakula? Nyumba? Mshahara unalipwa vipi? Maswali ya kawaida kabisa ya mtu anayetaka kusafiri. Williams hakuwa na majibu. Angeweza kubuni, kama wengi walivyobuni habari za Afrika enzi zile, na wale vijana wangepanda meli. Yeye aliahirisha mpango, akasema atakwenda kwanza mwenyewe akaone. Namheshimu kwa mambo mengi, lakini hili naliweka juu. Laiti kila aliyepeleka watu ugenini angefanya hivyo.

Watu wa Leopold walipojua anataka kwenda walijaribu kumzuia. Hakuzuilika. Nauli na gharama alisaidiwa na Collis Huntington, tajiri wa reli za Marekani, aliyekuwa pia na hisa katika reli iliyokuwa inapangwa kujengwa Kongo. Januari 1890 Williams akapanda meli Liverpool. Alishuka kwenye mdomo wa mto Kongo, akafika Boma, makao ya serikali. Baada ya Matadi mto haupitiki kwa sababu ya maporomoko, kwa hiyo alitembea kwa miguu, njia ya zaidi ya kilomita 300, hadi Stanley Pool. Hapo akapanda stima kwenda juu, siku baada ya siku, kituo baada ya kituo, mpaka Stanley Falls, kwenye maporomoko ya Boyoma ambako Wagenya hutega samaki kwenye maji yanayochemka.

Njiani alifanya kama alivyofanya kwa wale askari wazee. Aliuliza. Aliwasikiliza machifu, wanakijiji, watumishi wa serikali, wamisionari, wapagazi. Na alipofika mwisho wa safari alikaa akaandika mashtaka 12.

Msikilizaji, nataka nikueleze machache kati ya aliyoyaandika, maana ukiyasikia kwa karibu ndipo utajua kwa nini Brussels ilitetemeka.

Leopold alidai kwamba machifu walimpa nchi zao kwa hiari, kwa mikataba iliyotiwa alama. Williams aliuliza mikataba hiyo ilipatikanaje, akaelezwa. Mzungu alifunga betri za umeme mwilini, waya ukipita ndani ya mkono wa koti mpaka kwenye kiganja. Anapompa chifu mkono, chifu anapigwa na umeme, anashtuka, anaambiwa kwamba hizo ndizo nguvu za mzungu, anaweza kung'oa miti. Mara nyingine alitoa kioo cha kukuzia, akawasha sigara kwa jua, akasema yeye na jua ni marafiki, na akiliomba liunguze kijiji litaunguza. Mara nyingine tena alijaza bunduki baruti, risasi akaificha ndani ya mkono wa koti, akampa mtu bunduki ampige. Mlio ukalia, mzungu akainama, akaitoa risasi kwenye kiatu. Kwa hila kama hizo na visanduku vichache vya pombe kali, vijiji vizima viliandikwa kuwa mali ya mfalme.

Akaandika habari za wafungwa waliofungwa minyororo ya ng'ombe shingoni, minyororo inayokula nyama mpaka inatoa vidonda, na nzi wanazunguka vidonda hivyo mchana kutwa. Akaandika habari za wanawake wanaoletwa kwa ajili ya maofisa. Akaandika kwamba dola iliyojitangaza kufuta utumwa inanunua watu ili iwafanye askari, tena kwa bei inayojulikana, paundi tatu kwa kichwa kimoja. Na akaandika habari ya maofisa wawili wa jeshi la Ubelgiji, wamekaa kwenye sitaha ya stima, wanamwona mtu kwa mbali akipiga kasia katika mtumbwi wake. Wakawekeana dau la paundi tano, nani atampata. Risasi zikapigwa, mtu akaanguka, amepigwa kichwani. Jina la mtu huyo halikuandikwa popote. Alikuwa mvuvi, au mfanyabiashara, au baba anayerudi kwake. Tunachokijua ni kwamba alikuwa akipiga kasia.

Kisha kuna sehemu inayotugusa sisi. Williams alieleza kwamba dola ya Leopold ilikuwa na vituo vidogo karibu 50 kando ya mto, na vingi havikuwa na ofisa mzungu hata mmoja. Vilishikwa na askari wawili, watano, hata wanane, kutoka pwani ya mashariki. Wazanzibari. Hao ndio Kongo iliowaita Wangwana. Serikali haikuwapelekea chakula, waliambiwa wajitafutie. Basi wakawatoza wanakijiji samaki, mbuzi, kuku na mboga kwa mtutu wa bunduki. Kijiji kikikataa, habari inapelekwa kituo kikuu, maofisa wanakuja na kikosi, nyumba zinachomwa moto.

Tusilikwepe hili. Lugha yetu ilifika kwenye kingo za mto ule ikiwa midomoni mwa wafanyabiashara, mafundi, wapagazi na walimu, na pia ikiwa midomoni mwa watu wenye bunduki. Mwanamke wa kijiji cha kando ya mto aliyenyang'anywa kuku wake mwaka 1890, huenda Kiswahili cha kwanza alichokisikia kilikuwa amri.

Lakini Williams alikuwa mwangalifu kuliko wengi waliomfuata, maana aliwaona Wangwana wale kwa pande zote mbili. Aliwaita askari watumwa. Na kweli, wengi wa watu walioajiriwa Unguja kwenda Kongo enzi za Stanley, yule mpelelezi aliyemtumikia Leopold, walikuwa watumwa ambao bwana zao waliwakodisha na kuchukua sehemu ya mshahara wao. Kati ya mashtaka 12, mojawapo linasema serikali ya Leopold inavunja mikataba yake na askari, mafundi na vibarua waliotoka nchi nyingine, na kwamba barua zao hazifiki makwao. Hebu fikiria mama wa Ng'ambo ya Unguja au wa Bagamoyo, anasubiri habari za mwanawe aliyekwenda bara, na barua imekwama Boma kwa makusudi. Mtu yuleyule alikuwa mwonevu kijijini na mwonewa kituoni. Historia zetu nyingi zinamtaja kwa upande mmoja tu: ama shujaa wa msafara wa Stanley, ama Mwarabu mkamata watumwa. Mmarekani huyu, aliyekaa mtoni miezi michache, aliona yote mawili.

Mwishoni alimwomba mfalme, na mataifa yaliyosaini mkataba wa Berlin, waunde tume ya kimataifa ichunguze. Hakutaka aaminiwe yeye. Alitaka watu waende waone. Septemba mwaka huohuo, akiwa Luanda, alimwandikia Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani kwamba dola ya Leopold ina hatia ya uhalifu dhidi ya ubinadamu. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia shtaka hilo kwa serikali. Mahakama ya Nuremberg ililitumia zaidi ya miaka 50 baadaye. Na mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huko The Hague, ilimtia Germain Katanga hatiani kwa shtaka hilohilo pamoja na makosa ya kivita, kwa shambulio la kijiji cha Bogoro, Ituri. Bogoro kilikuwa katika mkoa ambao makao yake makuu wakati huo yalikuwa Kisangani, palepale barua ilipoandikwa.

Kwa nini aliongea yeye, na wengine waliokuwa pale wakanyamaza? Wabatisti wenzake kutoka Uingereza walikuwa wamefungua kazi Kongo tangu 1878. Walikuwa na vituo kando ya mto na stima yao. Waliona mengi. Ila ardhi ya misheni, ruhusa ya kwenda mbele, usalama wa boti, vyote vilitoka kwa serikali ya mfalme. Mmisionari aliogopa kwamba akisema, mlango utafungwa na Injili itabaki nje. Siwahukumu kwa urahisi, kwa sababu walizika wenzao wengi kwa homa ili kazi ile isimame. Hata hivyo kimya chao kilikuwa na gharama, na waliolipa hawakuwa wao. Williams naye alikuwa na cha kupoteza: tajiri aliyemlipia safari alikuwa na maslahi katika reli ya Kongo. Akaandika vilevile.

Baada ya Luanda alizunguka bara kwa bahari, akapita mwambao wetu wa Afrika Mashariki, Unguja ikiwemo, akafika Misri. Huko alishikwa na ugonjwa. Akavuka kwenda Uingereza akiwa na nia ya kuandika kitabu kizima juu ya Kongo, na mwaka 1891 magazeti ya Marekani na Ulaya yakaichapa habari ya barua yake. Hapo vita ikaanza. Stanley alisema barua ile ni jaribio la kutafuta fedha kwa vitisho. Magazeti ya Brussels yakauliza: huyu Williams ni nani? Wakachimba. Na kwa bahati mbaya walikuta kitu.

Alijiita Kanali, na cheo hicho hakukipata katika jeshi la Marekani. Alijipa udaktari ambao hakuusomea. Aliacha madeni. Mkewe na mwanawe walikuwa Marekani, amewaacha, naye Uingereza alikuwa na mchumba ambaye hakuambiwa lolote. Yule dada alijua baada ya mazishi tu. Mchungaji aliyefanya hayo alikosa, na familia yake ilibeba maumivu ambayo barua kwa mfalme haiwezi kuyafuta. Lakini tazameni hila ya waliomshambulia. Yeye alisema shingo za watu zinaoza kwa minyororo. Wao wakajibu kwamba si kanali wa kweli. Bunge la Ubelgiji likajadili, maofisa wa Kongo wakatayarisha ripoti ndefu ya kujitetea, na tume aliyoiomba haikuundwa.

Alifariki Blackpool tarehe 2 Agosti 1891. Leopold akabaki bila mshitaki wake mkubwa, na baada ya hapo ndipo utomvu wa mpira ulipopanda bei, watu wakalazimishwa kuugema, na mateso ya Kongo yakafika kiwango ambacho hata Williams hakukiona. Ilibidi kungoja miaka zaidi ya kumi, mpaka konsuli Roger Casement wa Uingereza alipotoa ripoti yake mwaka 1904, na tume ya Leopold mwenyewe ilipokwenda na kukiri kwamba maovu yapo. Mwaka 1908 mfalme akanyang'anywa nchi. Mambo makuu aliyoyasema Williams yalikuwa yamethibitishwa na watu wenye vyeo visivyo na shaka.

Kaburi lake halikuwa na alama yoyote kwa miaka 84. Mwanahistoria John Hope Franklin, Mmarekani mweusi mwenzake, alimfuatilia kwa karibu miaka 40, akalitafuta kaburi na kulisimamishia jiwe mwaka 1975, kisha akachapa kitabu cha maisha yake mwaka 1985. Bila Franklin, mimi nisingekuwa na cha kuwasimulia leo.

Nina ombi kwa walimu wanaonisikiliza, wa Kisangani, wa Unguja, wa Kigoma, popote mlipo. Mwaka uleule wa 1890, Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyekuwa gavana wa Stanley Falls kwa makubaliano na Leopold tangu 1887, aliondoka pale kurudi Unguja. Baadaye aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu hicho tunacho. Barua ya Williams ni fupi, inasomeka kwa kipindi kimoja cha darasani, nayo inastahili Kiswahili kizuri. Wapeni wanafunzi yote mawili kwa pamoja: mahali pamoja, miaka ileile, mmoja anasimulia alivyotawala na kufanya biashara, mwingine ameandika malalamiko ya watu waliotawaliwa. Kisha waacheni waulize maswali, kama wale vijana wa Hampton.